Wimbi la Mtukufu Rais

Muhtasari huu ni wa kikao kimoja kilichochukua dakika arobaini na kumalizika kwa soda. Ningeweza kuuandika kwa kurasa mbili. Lakini mimi, Ambakisye, katibu wa Kamati ya Ubora wa Programu za Vipimo kwa miaka thelathini na moja, nimeamua kuanzia mbali, na mwenye pupa atanisamehe. Haraka haraka haina baraka, na safari hii baraka naihitaji kweli. Ajenda ya kikao ilikuwa mashine ya joto namba sita ya wodi ya watoto njiti, na mtoto aliyekuwa amelazwa ndani ya namba sita ni mjukuu wangu.

Nchi yetu sitaitaja. Anayeishi humu anaijua, na asiyeishi humu hatasadiki. Inatosha kusema kwamba ni nchi ya utulivu. Utulivu umeandikwa kwenye stempu, kwenye mabango ya barabarani, na kwenye mlango wa choo cha Wizara, ambacho nacho kimetulia, kwa maana hakijatoa maji tangu uchaguzi uliopita. Tunaipenda nchi hii. Hatukuulizwa, lakini tunaipenda.

Zamani Idara yetu ya Vipimo ilikuwa na oskiloskopu ya kizee, sanduku zito lenye kioo cha kijani na vifundo kumi na vinne. Kwa asiyejua, oskiloskopu ni kifaa kinachokuonyesha umeme kwa macho. Unaugusisha waya wa kupimia kwenye mashine, na kwenye kioo unaona wimbi. Umeme wenye afya hupanda na kushuka kwa mpangilio, kama kifua cha mtu aliyelala. Umeme mgonjwa hurukaruka. Sanduku lile lilikuwa na tabia moja mbaya: likiona umeme mgonjwa lilisema, bila kujali nani amesimama hapo na amefuatana na nani.

Ndipo Serikali ikaleta oskiloskopu ya kisasa. Hii ni kidude kidogo tu kinachochomekwa kwenye kompyuta, na kazi yote inafanywa na programu. Mtukufu Rais alikuja mwenyewe kuizindua. Palikuwa na mahema, kwaya mbili, na vikundi vitatu vya ngoma ambavyo havikuelewana. Ratiba ilisema Mtukufu atabonyeza kitufe kimoja, na wimbi la kwanza la taifa litatokea.

Sasa, kila mtu katika nchi yetu anajua kwamba kiongozi akibonyeza kitu mbele ya kamera, habonyezi akaachia. Anabonyeza, anageuka, anatabasamu, na anakaa hivyo hivyo mpaka wapiga picha waridhike. Akikata utepe, mkasi hubaki umeachama. Akipanda mti, koleo hubaki hewani na udongo wake. Ndiyo desturi, na wapiga picha wetu si watu wa kuridhika upesi. Kidole cha Mtukufu kilikaa juu ya kitufe kile dakika nne na nusu.

Wimbi likatokea, zuri, la kijani, likavuka kioo kizima, likasimama. Nina maana likasimama kabisa. Kishale hakikusogea. Saa iliyo pembeni mwa kioo ilibaki kwenye saa tano na dakika kumi na saba, na iko hapo mpaka leo. Kwaya ilinyamaza katikati ya ubeti, watu wakatazamana. Mkurugenzi Mkuu wetu, Daktari Kalokola, ambaye udaktari wake ni wa mambo ya misitu, ndiye aliyeiokoa siku. Alianza kupiga makofi peke yake, akapaza sauti, "Utulivu!"

"Utulivu!" tukaitikia sote.

Mtukufu akaondoa kidole, akalitazama wimbi kwa muda, akashika kipaza sauti. "Ndugu wananchi," alisema, "mimi nimetembea. Nimeyaona mawimbi ya wenzetu. Yanatetemeka! Yanakwenda mbio huku na huko, hayajui yanafuata nini. Hili letu linajua mahali pake. Naagiza lisizimwe."

Basi halijazimwa. Kompyuta ikawekewa betri ya akiba, na betri ikawekewa betri yake. Askari wawili wanasimama kushoto na kulia, bunduki zikielekea chini kwa heshima. Kuizima kompyuta ile, au kuiwasha upya, ni kulifuta wimbi la Mtukufu, na kosa hilo limewekwa kwenye sheria katika ukurasa mmoja na uhaini.

*

Kesho yake Kamati ya Ubora ilikaa. Kazi ya Kamati ni kuhakikisha kwamba programu za vipimo ni bora, na kwa miaka yote niliyoandika mihtasari yake haijawahi kukuta ambayo si bora. Siku hiyo Mhandisi Somoe Likwata alinyoosha mkono. Yeye ndiye mtu pekee kati yetu aliyesomea oskiloskopu, na kwa sababu hiyo amewekwa kwenye kiti cha mwisho, karibu na mlango.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, programu imeganda," alisema. "Kitufe kikishikiliwa muda mrefu, programu inahesabu kwamba kimebonyezwa mara elfu na zaidi. Inaelemewa. Kinachoonekana pale si umeme wowote. Ni picha ya jana."

Daktari Kalokola alivua miwani. "Mhandisi, unasema kidole kilikosea?"

"Hapana, Mkurugenzi. Kidole hakina kosa. Programu bora inatakiwa ihimili kidole chochote."

"Kidole chochote!" Mkurugenzi alituangalia mmoja mmoja. "Wajumbe, mmesikia? Hiki kimekuwa kidole chochote!"

Fomu ya hitilafu ina mstari mmoja unaosema "Chanzo", na ukiacha mstari huo wazi hitilafu haipokelewi. Kuandika "programu" kulikuwa ni kusema Serikali ilileta kitu kibovu. Kuandika "kidole" hakukuwezekana hata kwa penseli. Baada ya saa tatu Kamati iliazimia kwamba kwa kuwa hakuna chanzo, hakuna hitilafu. Mimi ndiye niliyepata maneno hayo, na niliyafurahia. Mwenyekiti alinipa pongezi zikaandikwa.

Waliotengeneza programu, huko kwao, waligundua tatizo wenyewe na wakatuletea toleo la pili kwenye flashi, lililorekebishwa. Kuliweka ilibidi kwanza uzime la kwanza. Tukalipokea kwa ngoma, tukaliweka ndani ya kabati la kioo. Toleo la tatu na la nne yapo humo humo, kila moja na kadi yake ya tarehe, na wanafunzi huletwa kuyatazama.

Vipimo viliendelea, tena vizuri kuliko zamani. Mpimaji anaugusisha waya kwenye kifaa, anatazama kioo, wimbi linapendeza, anagonga muhuri: UTULIVU UMETHIBITISHWA. Kwa mwaka mzima hakuna kilichofeli. Pasi, redio, mashine za kusaga, na gari la zimamoto lililoletwa kupimwa king'ora ingawa king'ora chenyewe kilikuwa kimeibwa. Siku moja, kuwafurahisha wageni wa nje, Mkurugenzi aliugusisha waya kwenye papai. Likapita. Wageni waliandika sana kwenye vitabu vyao. Papai likagongwa muhuri, na kwa kuwa mali yenye muhuri wa Idara hailiwi wala haitupwi, bado liko juu ya rafu na harufu yake tumeizoea.

Kisha hospitali ikaleta saketi za mashine zake nane za joto. Mashine hizo, au inkyubeta kama wanavyoziita wenyewe, ndizo zinazowapa joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na saketi ndiyo inayoamua joto liwe kiasi gani. Somoe alizibeba mpaka stoo, akalifuta vumbi lile sanduku la kizee, akazipima huko. Aliporudi uso ulikuwa umembadilika.

"Zote nane umeme unarukaruka," alisema. "Joto litakuja na kupotea, mashine yenyewe isijue. Mimi sigongi muhuri hapa."

"Umepima kwa kifaa kisicho na wimbi la Mtukufu?" aliuliza Mkurugenzi, kwa upole sana.

Siku hiyo hiyo Somoe alihamishiwa kitengo cha kufuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta, kwa kitambaa laini, mara mbili kwa siku. Zile saketi zilihitaji sahihi. Kanuni inasema sahihi ya mhandisi au, asipokuwepo, ya afisa yeyote mwenye kalamu. Mkurugenzi alitazama mfuko wa shati langu.

Nikasaini mara nane. Sikuuliza kitu. Mimi ni mtu wa mihtasari, nilijiambia, umeme una wenyewe. Tena niliombwa niandike waraka wa kwenda hospitalini, nikauandika vizuri: "Mtoto akishawekwa ndani ya mashine iliyothibitishwa, hatatolewa humo kabla hajatimiza kilo mbili, kwani kumtoa ni kulitilia shaka wimbi." Sentensi ile ni yangu. Niliisoma mara mbili kwa sauti kabla ya kuipeleka.

*

Binti yangu Atupele alijifungua akiwa na ujauzito wa miezi saba. Mtoto wa kike, kilo moja na gramu mia moja. Nilifika wodini na chupa ya chai na furaha yangu yote, nikaonyeshwa mashine namba sita. Kabla sijamwona mtoto niliiona sahihi yangu, imebandikwa kwenye kioo juu ya kichwa chake, na ule mkia ninaouvuta chini ya jina.

Mkuki kwa nguruwe, wazee walisema, na mimi nilikuwa nimeusikia msemo huo maisha yangu yote bila kujua unachoma wapi.

"Baba, mguse miguu," Atupele aliniambia. Niliingiza mkono kwenye tundu la pembeni. Miguu ya mtoto ilikuwa ya baridi, midogo, nyayo hazifiki urefu wa kidole changu cha gumba. Baada ya kitambo kidogo joto likarudi, likazidi, akaanza kuhangaika. Kisha likapotea tena. Mashine muda wote iliandika kwamba kila kitu ni sawa.

Nilimwita nesi mkuu, Sista Gaudensia. "Sista, hii mashine ni mbovu."

"Mzee, angalia muhuri. Imepimwa."

"Muhuri ni wangu! Mimi ndiye nakwambia!"

Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mzee aliyeanza kusahau. "Basi wewe ndiye unayejua zaidi kwamba imepimwa," alisema. Kisha akashusha sauti. "Ingekuwa ridhaa yangu, ningempa mama yake amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, amfunge na kitenge. Kifua cha mama hakijawahi kunidanganya. Lakini kuna waraka, Mzee. Kumtoa ni kulitilia shaka wimbi."

Niliutambua mwandiko. Nilitoka nje nikalia karibu na tangi la maji. Sikulia kwa heshima.

Nilimkuta Somoe akifuta kioo. Nilimweleza yote. Hakunisuta, ingawa alikuwa na haki.

"Kuiwasha upya ni dakika moja, Mzee," alisema polepole, askari wasisikie. "Dakika moja tu. Tukiweka lile toleo la nne, saketi ile ikipimwa itaanguka hapo hapo, na mtoto atatolewa kihalali."

Kitufe chenyewe cha kuiwasha upya kiko hatua tatu kutoka meza ninayoandikia. Nakiona sasa hivi. Sijakigusa. Naona aibu kuandika hivi, lakini nimeahidi muhtasari kamili: ninaogopa, na Somoe anaogopa, na nadhani hata wale askari wanaogopa.

Nikaenda kwa Daktari Kalokola. Alinipa kiti, akaniagizia maji. "Mzee wangu, hata mimi ni babu," alisema, na macho yake yalilowa kweli, sitamsingizia. "Lakini nifanyeje? Nikisema mashine moja ni mbovu, wimbi ni bovu. Wimbi likiwa bovu, kidole..." Akafikiri, kisha akafurahi. "Omba ipimwe upya! Hiyo ni haki ya kila raia."

Hivyo ndivyo kikao hiki kilivyoitishwa. Sasa nimefika kwenye ajenda.

Ili saketi ipimwe upya, ilibidi ing'olewe kwenye mashine na kuletwa hapa kwa gari lenye king'ora chake. Na mashine isiyo na saketi, kwa mujibu wa waraka wangu mwenyewe, si mashine iliyothibitishwa. Ilipong'olewa tu, Sista Gaudensia hakusubiri kuambiwa. Alimnyanyua mtoto, akamlaza kifuani kwa Atupele, akawafunga pamoja kwa kitenge. Siku hiyo mtoto alikuwa na kilo moja na gramu mia mbili na arobaini.

Wajumbe walihudhuria wote. Mwenyekiti alifungua kikao kwa kukumbusha umuhimu wa watoto, ambao alisema ni taifa la kesho, na akaomba kesho isituvurugie leo. Saketi iliwekwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Waya ukagusishwa. Wajumbe walitazama kioo kwa makini sana, wawili walivaa miwani. Wimbi lilikuwa zuri.

"Mhandisi Likwata," Mwenyekiti aliuliza kwa ajili ya haki, "kitambaa chako kimekaa karibu na kioo hiki kuliko sisi. Umewahi kuona likitikisika?"

"Hapana, Mheshimiwa Mwenyekiti," alijibu Somoe. "Halijawahi."

"Iandikwe."

Nimeiandika. Saketi ikapita, ikagongwa muhuri wa pili juu ya ule wa kwanza. Kamati ikaazimia irudishwe hospitalini na mtoto arudishwe ndani ya mashine, mara tu muhtasari wa kikao utakapokamilika na kusainiwa. Ndiyo kanuni yetu, ya tangu enzi na enzi: azimio halitembei bila muhtasari. Soda ziliingia. Nami nilikaa na kalamu mkononi, nikaitazama ile kanuni kama naiona kwa mara ya kwanza. Somoe alipopita na kitambaa chake aliacha rimu mpya ya karatasi juu ya meza yangu.

Ndiyo sababu nimeanzia mbali. Leo ni siku ya kumi na moja naandika. Sina wasiwasi wa kuyasema haya humu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusoma muhtasari wangu hata mmoja. Wanatia sahihi ukurasa wa mwisho na kuupima uzito kwa kiganja. Nakala hii fupi naichota kutoka ile ndefu. Katika ile ndefu nimeeleza rangi ya mapazia, majina ya waimbaji wote wa kwaya mbili, na historia ya papai. Saketi iko kwenye droo yangu. Kila asubuhi Atupele ananitumia ujumbe wa uzito. Wa leo ni kilo moja na gramu mia tano na kumi, na miguu ina joto.

Zimebaki gramu mia nne na tisini kufika zile kilo mbili za waraka. Sista anasema mtoto wa kifuani anaongeza kama gramu ishirini na tano kwa siku. Nimepiga hesabu mara nyingi, haibadiliki: nahitaji siku ishirini, kasoro kidogo. Na mashine nyingine saba bado zinafanya kazi, zina sahihi yangu, na watoto walio ndani yake hawana babu katibu. Nimeomba nazo zipimwe upya. Nimejibiwa kwamba ombi moja kwa mwaka linatosha.

Asubuhi hii Daktari Kalokola alisimama mlangoni.

"Mzee wangu, bado tu? Wizara imeuliza. Wamesema mwisho ni Ijumaa."

"Nimefika mwishoni, Mkurugenzi," nilimwambia. "Imebaki ajenda ya Mengineyo."

"Hiyo si mstari mmoja?"

"Mara nyingi," nikasema.

Alitazama lile rundo la karatasi, akaitazama droo, na sijui aliona nini. Akafunga mlango taratibu. Leo ni Jumatano. Nimechukua karatasi mpya.

Mengineyo. Mjumbe mmoja alitaka kujua mtoto anaitwa nani. Katibu alijibu kwamba kwa desturi ya kwao mtoto hapewi jina mpaka atoke hospitalini, na akaomba aieleze desturi hiyo kwa kirefu, tangu kwa babu wa babu yake, ambaye alizaliwa